Okestra Isiyopumua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba okestra ni kwaya kubwa.

Nilikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Muziki wote nilioujua niliupata kanisani, katika kwaya ya vijana, ambako wimbo mpya huandikwa ubaoni kwa chaki: do, re, mi, mstari wa soprano juu, alto chini yake, halafu tenori, halafu besi. Mwalimu anaimba mstari, sisi tunaurudia mpaka uingie kichwani, ndipo tunawekea maneno. Sijawahi kukaa chumba kimoja na fidla. Okestra nilikuwa nimeiona kwenye kioo cha simu tu, watu waliovaa nguo nyeusi wakisogeza mikono pamoja kama wafyekaji. Kwa hiyo nilipopakua programu ya kutunga muziki na kukuta vyombo vimepangwa humo, nilifanya lile ambalo mwanakwaya yeyote wa huku kwetu angefanya. Fidla nikazipa soprano. Viola, alto. Selo, zile fidla nene za kuketi nazo, tenori. Zile fidla kubwa za kusimama nazo nikazipa besi. Kisha nikaona vyombo vingine vimebaki bila kazi, na ilikuwa kama kuacha wageni bila chai, basi filimbi nayo nikaipa soprano, tarumbeta alto, na kuendelea hivyo hadi chini. Wote wakaimba kutoka mwanzo hadi mwisho, bila hata mmoja kuketi.

Niliposikiliza, nilihisi kichefuchefu. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mate yalinijaa mdomoni na ikabidi nivue visikizio. Zilikuwa fidla za plastiki. Kila noti ilianza kwa mkwaruzo ule ule mdogo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kila neno, na noti ishirini zikifuatana unasikia mzee huyo akikohoa mara ishirini kikohozi kile kile. Nyuma ya kikohozi kulikuwa na utelezi, kama mafuta ya chipsi yaliyotumika kutoka Jumatatu hadi Jumapili. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya okestra, nilijiambia. Na nilikuwa nimeshamwahidi mtu.

Mtu huyo ni dada yangu mkubwa, anayefundisha shule ya msingi Kapsoya. Alikuwa anaolewa. Kamati ya harusi ilikaa sebuleni kwetu Munyaka, na mwenyekiti wake alikuwa shangazi yetu, mwanamke ambaye hata akiomba chumvi unasimama wima. Alikuwa anapitia ratiba ya kanisani kitu kimoja kimoja.

"Bibi harusi kuingia," akasoma. "Hapo tunaweka ile wimbo ya kila mtu, sindio?"

"Hapana, Auntie," dada akasema. "Hiyo nimeingia nayo nikiwa maid kwa harusi za watu mpaka naiota. Ndugu yangu ananitungia yangu."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimebeba trei ya mandazi.

"Anatunga na nini?" akauliza mama mmoja wa kamati.

"Na simu," nikasema.

"Simu hii hii ya kutuma pesa?" Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Wengine wakajiunga naye.

Shangazi hakucheka. "Mami, watu wa bwana wanatoka Turbo na basi mzima. Mama mkwe wako ameshauliza kama tutakuwa na mambo ya kisasa. Unataka wafike hapa tuwawekee game ya simu?"

"Si game," dada akajibu. "Ni okestra."

"Sawa. Mazoezi ya mwisho tutaisikia. Ikikataa, tunaweka ile ya kila mtu, na sitaki kuona mtu amenuna."

"Sitanuna," dada akasema. "Haitakataa."

Hakuwa amesikia hata sekunde moja ya huo muziki. Aliniamini hivyo hivyo, mbele ya watu, na kutoka siku hiyo kila aliyemwuliza aliambiwa kwamba bibi harusi huyu ataingia na kitu ambacho hakijawahi kusikika. Walimu wenzake walijua. Watu wa Turbo walijua. Kama ningeshindwa, asingechekwa yule aliyeshindwa. Angechekwa yeye, akiwa ndani ya gauni, mbele ya wakwe.

Nilitungia kazini. Nauza katika duka la pembejeo mjini, dawa za mifugo, mbegu na chakula cha ng'ombe, na asubuhi za katikati ya wiki wateja huwa wachache. Niliketi nyuma ya kaunta, juu ya gunia, simu ikiwa imeegemea chupa ya dawa ya kupe. Noti kwenye kioo ni vijistari vidogo kuliko punje ya mtama, na kidole changu ni cha mtu aliyebeba magunia. Nikigusa do, napata re. Nikivuta noti moja, zinakuja tatu. Kioo kilijaa jasho na unga wa chakula cha kuku, nikawa nakifuta kwa shati, na kila nikifuta, noti nyingine inahama. Dawa ya kupe ilinuka. Hadi leo, nikisikia selo ya simu, pua yangu inanusa dawa ya kupe kabla sikio halijatambua ni noti gani.

Siku moja mzee mmoja mteja alisimama mbele yangu bila mimi kumwona.

"Kijana, unacheza game saa ya kazi?"

"Hapana, Mzee. Natunga muziki."

Akainama juu ya kaunta akatazama vile vijistari. "Ni kama mahindi imepandwa kwa laini," akasema.

"Ni fidla hizo, Mzee."

"Ni sawa. Nipatie dawa ya minyoo, ya mbuzi. Na ufanye haraka, usiniwekee ya fidla."

Nilimpa dawa, nikarudi kwenye gunia, nikachukia kila kitu. Nilimchukia mzee kwa kuona mahindi, kisha nikajichukia kwa sababu baada ya hapo mimi pia niliona mahindi tu.

Niseme wazi jinsi nilivyo. Mimi ni mtu wa kurudia. Shuleni nilikuwa napasua ukurasa kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, kisha naandika upya kazi nzima, kisha herufi nyingine inapinda. Hakuna aliyenifundisha kutunga, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniambia hapa panatosha. Nilipoona fidla zinakohoa, nilifikiri dawa ni kuzifunika. Nikaongeza pembe. Nikaongeza kinubi. Nikaongeza ngoma kubwa za shaba. Programu ile ina kitufe cha mwangwi, unakivuta na sauti inakuwa kama iko ndani ya ukumbi mkubwa wa mawe, nikakivuta mpaka mwisho, jinsi mtu anavyomwaga pilipili kwenye mchuzi ulioungua. Mchuzi ulibaki umeungua, sasa ukiwa na pilipili. Simu nayo ikaelemewa. Ilianza kukwama katikati ya ubeti, ikarudia kipande kimoja kama mbuzi aliyekabwa, na mgongo wake ukawa moto hata sikuweza kuushika.

Dada alikuwa akipita dukani jioni akitoka shule.

"Imefika wapi?"

"Bado kidogo."

"Nisikize hata mwanzo tu."

"Mwanzo ndio mbaya zaidi."

"Basi nisikize mwisho."

"Mwisho haujakuwa."

"Wewe, hii harusi si yako," akaniambia, lakini alikuwa anacheka. Hakunipokonya simu. Laiti angenipokonya. Niliendelea kuificha kama mtu anayeficha kidonda, na kidonda kilichofichwa tunajua kinavyonuka siku kikifunuliwa.

Kilifunuliwa siku ya mazoezi, nyumbani kwa shangazi, Kapsoya. Uwanja ulifagiwa. Wasichana wa msafara wa bibi harusi walipanga mstari wakiwa wamevaa suruali na ndala, na ile spika kubwa ya kwaya ikawekwa juu ya kiti karibu na tangi la maji. Huku kwetu msafara hauingii kanisani kwa kutembea tu. Unaingia kwa hatua zilizofanyiwa mazoezi wiki nyingi: mguu, unganisha, tulia, mguu, unganisha, tulia. Dada alisimama nyuma yao na leso kichwani mahali pa shela. Nikaunganisha simu na spika. Kwa haraka nikabonyeza mara mbili, muziki ukaanza na kusimama, wasichana wakacheka, kisha ukaanza kweli.

Ulikuwa ukuta. Sina neno jingine. Ulitoka kwenye spika ile kama tope linalotoka kwenye bomba, lote kwa pamoja, soprano zote na alto zote na ngoma za shaba, likaendelea kutoka. Wasichana waliinua mguu wa kwanza na hawakujua pa kuuweka. Aliyekuwa mbele aliweka wa kulia, wa pili akaweka wa kushoto, wa tatu akabaki na mguu hewani kama korongo. Kuku wa shangazi walikimbilia nyuma ya nyumba.

"Zima!" shangazi akaita. "Zima, zima. Hii ni muziki ama ni posho mill inasaga mahindi?"

Walicheka wote. Msichana wa mbele akaketi chini kabisa kwenye nyasi. "Aki mimi nilikuwa nangoja iishe ndio nianze," akasema.

Na mimi nilikuwa upande wao. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi nikikumbuka: sikuutetea wimbo wangu hata kwa neno moja. Nilicheka nao. Nilisema, "Ni kweli, ni mbaya sana," kwa sauti ya mtu anayezungumzia kazi ya mwingine. Nilipoinua macho, dada ndiye peke yake ambaye hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika ile leso mkononi.

Alinivuta hadi nyuma ya tangi.

"Unacheka nini?"

"Si ni mbaya?"

"Mimi nimeambia watu. Wewe umekaa hapo unacheka na wao." Akaifunga leso kiunoni. "Niambie kitu moja. Hao watu wako wa simu, wanapumua saa ngapi?"

"Ni mashine. Hawapumui."

"Sasa mimi nitaweka mguu wapi?"

Nilisimama pale nikiwa na simu ya moto mkononi. Katika kwaya sikuwahi kuandika pumzi, wala mwalimu hakuwahi kuiandika ubaoni. Hakuna haja. Waimbaji wana mapafu. Mstari ukifika mwisho wanavuta hewa wenyewe, na pale wanapovuta hewa ndipo wimbo unapopata hatua. Mimi nilichukua mistari kutoka ubaoni nikaimwaga kwenye simu, nikadhani pumzi itakuja nayo. Haikuja. Tarumbeta yangu ilikuwa imepulizwa tangu mwanzo hadi mwisho bila mtu kuvuta hewa. Angekuwa mtu, tungekuwa tunapanga matanga.

Shangazi akaja akatukuta. "Tumesikia. Tunaweka ile ya kila mtu."

"Auntie, mpe mpaka Ijumaa," dada akasema.

"Ijumaa harusi ni kesho yake!"

"Ndio. Mpe mpaka Ijumaa. Ikikataa, nitaingia na yako na nitatabasamu mpaka madhabahuni."

Shangazi alinitazama kuanzia viatu. "Ijumaa mchana," akasema. "Si jioni."

Wiki hiyo nilifuta. Hakukuwa na furaha yoyote katika kufuta. Ilikuwa kama kutoa uchafu kwenye mfereji kwa mikono. Nilifuta ngoma za shaba, nikafuta pembe, nikafuta kinubi, na chini ya kila kimoja nilikuta kingine kibaya zaidi kilichokuwa kimejificha. Nilirudisha mwangwi hadi karibu na sifuri, na vile vikohozi vikarudi vyote, wazi, kama choo kilichong'olewa mlango. Nikaviacha. Nilibakiza selo moja, filimbi moja, na fidla chache zinazoingia kuchelewa.

Kisha nikatembea. Asubuhi nilipokuwa nikienda kazini kutoka Munyaka kwa miguu, niliimba kila mstari kwa sauti huku nikipiga hatua za wale wasichana, mguu, unganisha, tulia. Pale hewa iliponiishia, nilisimama kando ya barabara na kuweka nafasi kwenye simu, mahali pale pale. Mwenye bodaboda mmoja alipunguza mwendo akanitazama.

"Boss, umekunywa nini asubuhi hii?"

"Sijakunywa. Natafuta pumzi."

"Panda nikupeleke hosi kwa daktari basi," akasema, akaenda zake.

Ijumaa mchana nilimpelekea shangazi simu sokoni, alikokuwa akichagua nyanya za pilau. Alisikiliza kwa sikio moja, sikio la pili likiwa kwa mwenye nyanya. Wimbo ulikuwa mwepesi: selo inasema, kimya, filimbi inajibu, kimya. Nilikuwa natazama uso wake kama mgonjwa anayemtazama daktari akisoma majibu.

"Ni fupi," akasema.

"Ndiyo, Auntie."

"Iko na mahali inanyamaza."

"Hapo ndipo wataweka mguu."

Alinirudishia simu. "Haya. Ikiharibika, wewe ndio utaeleza watu wa Turbo." Na akaendelea na nyanya.

Bado nilikuwa naona kinyaa. Ningependa kusema kwamba wimbo ulikuwa umekuwa mzuri, lakini nilisikia kila mkwaruzo. Kitu kimoja tu ndicho nilichokiheshimu ndani yake, na kilikuwa vile vimya. Vilikuwa ni vyangu. Sikuvitoa kwenye programu yoyote.

Jumamosi kanisa lilijaa. Watu wa Turbo walikaa upande wa kulia, kina mama wakiwa wameshona vitenge vya aina moja. Nilisimama karibu na fundi wa mitambo ya sauti. Milango ikafunguliwa, msafara ukatokea, nikabonyeza. Selo ikasema mstari wa kwanza. Kikaja kimya cha kwanza, wasichana wakaweka mguu wote kwa pamoja, na kwa muda wa hatua hiyo moja sikuwa mtu wa kuchukia kitu chochote.

Ndipo kinanda kikaingia.

Wapiga vinanda wa makanisa yetu hawajafundishwa kunyamaza. Mchungaji akivuta hewa katikati ya sala, wanaijaza. Mtu akitoka kwenye kiti kwenda kusoma tangazo, wanamsindikiza njia nzima. Huyu alisikia kimya, akafanya kazi yake. Alianza kwa sauti ambayo si yangu kabisa, akapapasa, akashuka, akapanda, akaipata, na ilipofika kimya cha pili alikuwa tayari na mkono mzima, kwa ile sauti nzito ya fidla za kinanda inayoteleza kama uji. Kimya cha tatu, uji. Kimya cha nne, uji, na juu yake vigelegele vya kina mama wa Turbo. Nilimpungia mkono anyamaze. Aliniona, akatabasamu, akadhani ninamwambia aongeze. Akaongeza.

Ningeweza kuvuka kanisa nikamtoa mikono kwenye kinanda. Nilipiga hatua moja. Lakini dada alikuwa ameshafika katikati, shela ikiwa sawa, mguu ukianguka pale pale unapotakiwa kuanguka, na mama mkwe wake alikuwa amesimama kumtazama. Nikarudi kando ya fundi, nikasikiliza uji mpaka madhabahuni. Meno yalikuwa yananiuma kwa kuyabana.

Baada ya ibada mpiga kinanda alinijia, kijana wa umri wangu, akanigonga begani. "Bro, ngoma poa. Lakini uliacha mashimo mingi sana. Usijali, nilikufunika."

"Asante," nikasema. Ndiyo, nilisema asante.

Shangazi naye alipita akiwa na sahani. "Kumbe mlipanga na keyboard! Si mngesema tangu mwanzo. Hapo sasa ilikuwa muziki."

Dada nilimpata kwenye foleni ya picha, gauni limeinuliwa lisiguse matope. Nilitaka aniambie kwamba alisikia selo. Nilitaka aniambie kwamba kinanda kilimwudhi. Nilimwuliza moja kwa moja.

"Kusikia?" akasema. "Sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia nisikanyage hii gauni."

"Hata kinanda?"

"Kulikuwa na kinanda?" Kisha akanitazama vizuri, akaona uso wangu. "Lakini mguu ulijua pa kwenda. Na hakuna mtu alicheka. Toka hapo, unaharibu picha."

Nimetunga vingine tangu siku hiyo, kwa simu hiyo hiyo, na bado sijatunga kitu ninachoweza kukisikiliza hadi mwisho bila kukunja uso. Kilichobadilika ni kwamba sasa ninampa mtu asikie mapema, kazi ikiwa ingali inanichukiza, na mahali pa kupumulia ninapaandika mimi mwenyewe.